Dohani Inayotazama Pangani

Dodoma. Jumatatu, 3 Juni 1912

Kipupwe kinauma. Jioni nimekwenda tena kuota moto kwa jirani yangu Matonya. Wazee wote wa mtaa wako kwake, kama kawaida. Nikapewa kigoda cha mgeni, upande moshi unakoelekea. Mgeni! Nilifika hapa na msafara, karani mwenye kalamu mbili, miaka ishirini na saba iliyopita. Pangani wamekwisha kunisahau. Dodoma bado wanaulizana nitaondoka lini.

Nimeamua. Nitajenga meko ya nje uani kwangu, ya matofali, yenye dohani, kama niliyoiona kitabuni. Wazee watahamia kwangu. Kigoda cha mgeni atakalia Matonya.

Jumatano, 5 Juni

Nimechora ramani. Siri kubwa. Kabla ya adhuhuri, Raheli, mke wa Matonya, akapita kuuliza dohani itakuwa na urefu gani. Mke wangu Swaumu anaapa hakusema neno. Anadai niliyesema ni mimi, kisimani, mara mbili.

Amekuja Athuman, fundi wa Kondoa. Nimemweleza kwamba mdomo wa meko utazame magharibi, ili waota moto waelekee mashariki, kwetu Pangani. Akalamba kidole, akakiinua. Akasema upepo wa hapa hutoka huko huko mashariki, na kipupwe haulali. Moshi utatushukia usoni. Nikamwuliza kama amewahi kumaliza kitabu kizima. Akajibu hajawahi, ila meko amewahi kumaliza.

Mjuvi!

Jumamosi, 8 Juni

Tumeokota matofali mabovu nyuma ya stesheni, kwa ruhusa ya mnyapara. Mimi nilitaka chokaa, kama kwetu. Athuman akataka udongo wa kichuguu. Tumetumia udongo wa kichuguu. Hakushinda, chokaa haikupatikana.

Dohani imesimama! Imeinama kidogo, kwa adabu. Matonya amekuja, ameizunguka mara tatu, kisha akanipa pole na kuuliza marehemu ni nani. Nikacheka kistaarabu. Nikamwalika Jumanne, yeye na wazee wote.

Jumanne, 11 Juni

Siku yenyewe! Wazee sita, wamejifunika mashuka mpaka puani. Nimehutubia kidogo, kuanzia msafara mpaka reli. Kisha nikawasha njiti ya kiberiti. Upepo. Ya pili. Upepo. Zikaisha zote kumi na moja. Mzee Mazengo, mkubwa wetu kwa umri, akauliza kama ile hotuba ndiyo ilikuwa moto wenyewe.

Swaumu akaninong'oneza, "Baba Batuli, si umwombe jirani moto?" Miaka yote sijamwomba mtu moto. Mtu wa kalamu hununua kiberiti! Lakini meno ya Mazengo yalikuwa yanagongana. Nikamwomba.

Matonya akaruka juu kama kijana. "Miaka ishirini na saba nangoja uniombe moto, bwana wee! Tukajua unapita tu. Nani hukaa mahali asiombe moto?"

Akaenda kuuleta mwenyewe, makaa kwenye kigae, Raheli nyuma yake anapiga vigelegele. Kuni zikashika. Moshi nao ukashuka, ukatuvaa usoni, tukalia wote kama wafiwa. Wazee wakakimbilia nyuma ya meko, wakaegemeza migongo kwenye matofali yaliyopata moto. Mazengo akafumba macho, akasema mgongo wake umerudi ujanani. Wakaimba. Wakanifundisha kiitikio, nikakikosea, wakanifundisha tena. Hawakuondoka mpaka kuni zilipokwisha. Matonya akaniaga, "Mwenyeji, lala salama."

Mwenyeji! Nimeandika neno hili mara mbili kuona linavyokaa.

Ijumaa, 14 Juni

Leo jioni ya nne, na uani hapana pa kukanyaga. Wote wameegemea nyuma ya dohani, nyuso mashariki, kuelekea Pangani, kama nilivyopanga tangu mwanzo. Nilimwambia Athuman! Dohani huvuta watu.

Kasoro ni mbili tu. Kwanza, wanakaa upande usio wao. Kesho nabomoa, niigeuze. Pili, ile fedheha ya kuomba moto mbele ya watu. Nimekwisha agiza viberiti, boksi zima.

Swaumu ameficha sururu. Si kitu. Asubuhi nitaazima ya Matonya.