Baiskeli na Shikamoo

Jumatatu, 9 Juni 2025
Restuta wa kwaya kauliza nani atampeleka Michenga kwa baiskeli Jumamosi, kwa baba yake. Nikajitolea kabla Octavian hajafumbua mdomo. Ushindi. Tatizo dogo: sijui kuendesha baiskeli. Nimezaliwa Uchindile, milimani, kule tunatembea. Hapa Ifakara hata bibi kizee anakupita na kiroba cha mpunga nyuma. Nitajifunza. Kimya kimya.

Jumanne, 10 Juni
Nimeazima baiskeli ya Octavian, mpangaji mwenzangu. Nikamwambia yangu iko kwa fundi. Akauliza fundi gani. Mtu mwenye wivu huyu.

Video ya kwenye simu inasema mwanafunzi ang'oe pedali, ajisukume kwa miguu. Nimeng'oa. Ya kushoto ikagoma kurudi. Fundi Damiani kanirudishia huku akisema ya kushoto hufungwa kinyume, na kwamba simu haina magoti. Kweli kabisa. Simu imeingia kabatini. Mwalimu wangu sasa ni ardhi.

Jumatano, 11 Juni
Nimeanguka kwenye majaruba ya mpunga yaliyovunwa. Nimeanguka juu ya bata wa mama mwenye nyumba. Bata mzima, goti halipo. Naendelea.

Alhamisi, 12 Juni
Inakwenda! Nimekata mtaa wa Viwanja Sitini mpaka kwenye kona. Pale akatokea mama mwenye nyumba. Shikamoo. Mtaroni. Nikapanda tena, akatokea mzee mmoja. Shikamoo. Mtaro uleule. Mama yangu alinifunza kuwa mkubwa husalimiwa kwa kuinama, na mwili haujui kama uko juu ya baiskeli. Kumbe nimeshajua kuendesha. Kinachoniangusha ni adabu.

Jumamosi, 14 Juni
Mpango: njia ya mashambani, isiyo na wazee. Restuta nyuma, kashika shati langu. Raha. Tunakaribia Michenga, mara mzee mwingine katikati ya njia na jembe lake. Restuta akasema ndiye baba yake, Mzee Fulgensi.

Nikikausha, mchumba sina. Nikiinama, goti sina. Nikainama.

Tukaingia jarubani wote wawili. Mimi nilitua kwa magoti mbele ya mzee, matope mpaka kidevuni, shikamoo bado mdomoni. Akaitikia marahaba taratibu. Akasema vijana wa leo hupiga kengele na kupita, lakini huyu ameshuka na kupiga magoti. Akataka kujua ukoo wetu. Restuta alicheka hadi akakaa chini.

Kurudi aliendesha yeye. Amesema hata Jumamosi ijayo ataendesha yeye. Sikubisha, maana amesema kuna Jumamosi ijayo.

Jumapili, 15 Juni
Octavian kauliza kwa nini nilionekana nimebebwa na mwanamke. Nikamjibu kuwa namfundisha. Nimelifikiria jibu hilo mchana kutwa. Ni kweli nina kipaji cha ualimu.

Simu nimeitoa kabatini. Nimeanza kurekodi video za kufundisha baiskeli, watu wasihangaike kama mimi. Somo la kwanza: ng'oa pedali.