Kila Mtu Amesema Ni Kali

Jumatatu, 9 Juni 1997

Chupa imepasuka! Shampoo yangu ya avokado, kwenye rafu ya kibanda cha Nereah, Soko la Toi, mbele ya wateja. Povu hadi kwenye mabati. Harufu ya busaa. Mteja mmoja aliuliza kama siku hizi mke wangu anasuka au anapika pombe. Askari wa soko akaja kunusa. Akanusa tena, kwa hamu nilivyoona mimi.

Nereah hakunigombeza. Alifuta rafu, akafuta kioo, kisha akasema kwa upole kwamba kibanda hiki ndicho kinachotulisha, na wanaokuja hapa wanampa vichwa vyao kwa sababu wanamwamini. Jumamosi anamsuka Aketch, bibi harusi. Kazi hiyo ikipendeza, wanawake wa kanisa zima watahamia kwake. Ikiharibika, watahama wote pamoja. Kwa hiyo kitu changu hakiingii tena humo mpaka nihakikishe hakiozi na hakimdhuru mtu.

Ana haki. Ila kinachoniuma ni Kihara wa Kawangware, mwenye ploti na mwenye kutengeneza sabuni ya maji. Sabuni yake haijawahi kupasuka. Amekwisha sikia. Ametuma salamu za pole, na kuuliza kama nauza kwa kikombe.

Jumanne, 10 Juni

Wabwire ni rafiki wa kweli. Anafagia kiwanda cha vipodozi Industrial Area, na leo ameniletea dawa ya kuzuia vitu kuoza, kwenye chupa ya soda. Nilimuuliza nitie kiasi gani. Akasema kidogo. Nikauliza kidogo ni kiasi gani. Akasema yeye hufagia tu.

Lakini ameona mambo. Anasema kiwandani hawauzi kitu kabla ya kukipima. Ngozi wanaipaka, wanaifunika kwa pamba na plasta, kisha wanaangalia wekundu. Macho wanapimia sungura. Pasipo wekundu, hapana kasoro.

Nimechanganya dawa na shampoo mpya, nikajipaka mkononi, nikabandika plasta. Jioni nimebandua. Nimeangalia kwa taa, nimeangalia kwa kioo. Hakuna wekundu! Mkono ni mweusi kama ulivyokuwa asubuhi. Unawasha, tena sana, lakini Wabwire hakusema lolote kuhusu kuwasha. Ngozi imefaulu.

Jumatano, 11 Juni

Kawangware. Sungura wazuri wote wako kwa Mama Wagaki, na bahati mbaya Mama Wagaki ndiye aliyemzaa Kihara. Nilingoja Kihara atoke. Nikamwambia mama nina sungura jike nyumbani, mpweke, anahitaji dume. Sina jike. Sijawahi kuwa na sungura wa aina yoyote.

Mama alifurahi mno. Alinichagulia dume lake bora, jeupe, akalipapasa masikio na kuliaga kwa Kikuyu. Akaniambia nisimpe majani yenye umande, tumbo litamuuma. Njia nzima hadi Kibera nililibeba ndani ya koti, na moyo wake ulikuwa unadunda kwenye mbavu zangu. Sikupenda kuusikia.

Alhamisi, 12 Juni

Nimemtia sungura tone moja jicho la kushoto, kwa kijiti. Hakulia. Sikujua kwamba sungura hanyanyui sauti. Alifumba jicho, akatetemeka, akaanza kujipangusa kwa mguu wa mbele, akaendelea kujipangusa. Nilikaa nikimtazama. Nilitaka aseme kitu, lolote, nijue. Nilimwonea huruma, nasema kweli. Nilijiona mtu mbaya, nikiwa na kijiti changu mkononi.

Nereah akaingia. Hakuuliza. Alimpakata, akamwosha jicho kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kikombe baada ya kikombe, huku akimnong'oneza kwa Kijaluo kama mtoto. Halafu akaniuliza kwa nini sikujitia mimi mwenyewe.

Nimelifikiria swali hilo siku nzima. Jibu pekee nililopata ni kwamba mimi ndiye ninayeandika matokeo, na anayeandika anahitaji macho. Sikulisema kwa sauti. Lilivyosikika kichwani tu lilitosha.

Jioni sungura alifumbua jicho. Ashukuriwe Mungu! Na mimi nikaelewa kosa langu. Si dawa. Kosa ni kumuuliza asiyeweza kujibu. Kesho nitawauliza watu.

Ijumaa, 13 Juni

Ushindi!

Nimezunguka Toi na beseni, nikiwaomba watu wanawe mikono. Filister muuza samaki alinawa, akanusa vidole, harufu ya omena imekwisha, akasema ni kali. Tonny wa mitumba alinawa, akapulizia mikono yake, akapiga mluzi: “Maze, hii iko kali!” Fundi wa viatu alisema ni kali na akataka kujua kama inatoa gundi. Hakuna aliyelalamika. Neno ni lilelile kila nilipokwenda.

Kali! Na nani anataka sabuni baridi? Hata dawa ya kikohozi isipokukunja uso unaona umeibiwa.

Nilirudi mbio kumwambia Nereah. Akauliza: kali vipi? Nikasema kali ya kupendwa. Akauliza kama walijipaka usoni. Nikasema mikono ya mtu na uso wake ni jamaa moja. Aliniangalia usoni. Kisha akasema hajui mara ya mwisho aliponiona nimefurahi hivi. Ila kichwa cha mteja hakitangulii chake. Akachukua chupa na karai, akaenda kujiosha nywele.

Nimeketi hapa naandika na kumsikia akimwaga maji. Wanawake wa namna hii wamebaki wachache. Subiri, ananiita.

Jumamosi, 14 Juni

Macho ya Nereah hayafunguki. Yamevimba kama mandazi. Jana usiku kwenye zahanati walimwosha tena na tena, wakasema ataona, ila apumzike na asisogelee tena kitu hicho. Muuguzi alitaka kujua ni kitu gani. Nilisema avokado.

Aketch akaja asubuhi na mama yake na shangazi zake. Nilitamani ardhi inimeze. Nereah akajifunga kitambaa kibichi machoni, akasema bibi harusi aketi. Akaniamuru nikalete sabuni, na si yangu. Kwa hiyo nilikimbia hadi Kawangware nikiwa na sungura ndani ya koti, nikamrudisha, na nikamwomba Kihara sabuni yake. Alinipa bure! Bure ilinichoma kuliko bei yoyote. Mama Wagaki akauliza kama jike ameshika mimba. Nikasema dalili ni nzuri. Ameagiza watoto wawili.

Kisha nikashika chanuo na nyuzi, na Nereah akasuka bila kuona. Vidole vilitafuta njia kichwani mwa Aketch, vikagawa nywele, vikapita, vikarudi. Mara moja tu mstari ulikwenda upande, akaugusa, akaufumua, akaanza upya. Machozi yalikuwa yanapenya kitambaa na kumdondokea shingoni, naye hakuacha. Shangazi walioingia na kelele walisogea mmoja mmoja kutazama. Nilisimama pale na nyuzi zangu, nikimpa mmoja baada ya mwingine.

Aketch alijitazama kwenye kioo, akalia. Alikuwa amependeza kweli. Mama yake amekwisha panga siku ya kuja kusukwa.

Niliapa kimoyomoyo: sitamdhuru tena mwanamke huyu.

Jumapili, 15 Juni

Hatukwenda kanisani. Nimempikia Nereah chai, nimefua, nimemshika mkono hadi nje ili jua limpate miguuni. Jicho moja limeanza kufunguka. Amenitazama nalo. Sikujua pa kuweka uso wangu.

Nikamwomba msamaha, vizuri, bila maelezo. Akasema amesikia. Nikauliza nifanye nini na jerikeni ya shampoo iliyobaki. Akasema nimwage, mbali, pasipo na kuku.

Tukakaa juani. Jua zuri. Nikafikiri juu ya sungura, juu ya Tonny akipulizia mikono, juu ya vidole vya mke wangu. Mtu anaweza kuambiwa jambo wazi na bado asilisikie. Niliona nimepata fundisho kubwa sana.

Jerikeni nimeishika mlangoni, tayari kwenda. Lakini kazi haiachwi nusu. Yeye peke yake ndiye aliyeipima kichwani na machoni. Kwa hiyo nikamuuliza, mara ya mwisho, kwa ajili ya kumbukumbu tu: kwa neno moja, angeielezaje?

Alivuta pumzi ndefu. “Ni kali, Baba Mitchelle,” akasema. “Ni kali.”

Hata yeye! Na Nereah si mtu wa kusifu ovyo!

Jerikeni nimeirudisha chini ya kitanda. Jina la shampoo nimelipata, neno moja, herufi kubwa, katikati ya chupa.