Timu Dhaifu kwa Mujibu wa Faili

Kwa furaha isiyo na kifani, Idara ya Filamu za Kutia Moyo ilitangaza kwamba taifa sasa litatiwa moyo. Itatengenezwa filamu ya kweli kuhusu timu ya riadha ya shule moja iliyokuwa inashika mkia, ikapambana, mwishowe ikashinda. Mkurugenzi alikuja shuleni mwenyewe, na kamati ya watu sita na mihuri miwili.

Tatizo lilikuwa dogo. Ombi la filamu lilipoandikwa, timu ilikuwa inashika mkia kweli. Ila faili lilikaa miaka miwili likisubiri sahihi, na watoto hawakuambiwa wasubiri nao. Wakafanya mazoezi. Sasa walikuwa hawashikiki, na mwenye kasi kuliko wote ni msichana wa kidato cha mwisho waliyembatiza Kimya, kwa sababu hata akikanyagwa mguu, anayeomba msamaha ni yeye.

"Kwenye faili nyinyi bado dhaifu," Mkurugenzi akawaeleza kwa upole. "Kwa hiyo Jumamosi mtashindwa."

Kimya akapiga hesabu. Mbio za Jumamosi ndizo za kuchagua wa kwenda kambi ya taifa, na mwakani yeye si mwanafunzi tena. Akamwangalia mwalimu wa michezo. Mwalimu wa michezo akaangalia viatu vyake. Mwalimu mkuu akapiga makofi.

Mkurugenzi, mtu wa haki, akasoma masharti: timu itie huruma, iheme ovyo, na udhaifu wake uwe halisi, usiwe wa kuigiza, ili kulinda hadhi ya idara.

Mkono wa Kimya ukapanda wenyewe.

"Samahani, mheshimiwa. Tukishindwa makusudi, si tutakuwa tumeigiza?"

Kamati ikaomba faragha. Ikatoka baada ya saa tatu na azimio: mtoto kasema kweli, lakini tarehe ya kupiga picha haibadiliki, na faili likifungwa, idara nayo inafungwa. Watafutwe haraka watu wasioweza kabisa kukimbia. Mkurugenzi akamuuliza Kimya kama anawajua wowote.

"Nawajua, mheshimiwa. Ila ni wakubwa zangu, naona aibu kuwataja." Macho yake aliyainamisha kwa heshima, yakafikia usawa wa matumbo ya kamati, yakaishia hapo.

Basi Jumamosi kamati nzima ilipigwa picha uwanja wa shule, ndani ya bukta za wanafunzi, ikishindwa kwa uhalisia ambao haujawahi kuonekana. Upande wa pili wa mji, kwenye mbio za kuchagua, bila kamera hata moja, Kimya alikata utepe akiwa peke yake, akaandikwa jina kambini.

Filamu bado haijatoka. Masharti yanadai timu dhaifu ishinde mwishoni, na haijashinda. Kila asubuhi Mkurugenzi anazunguka uwanja, bukta imembana, na Kimya, akija likizo, humshikia saa.

"Hongera, mheshimiwa," alimwambia juzi. "Leo umepitwa na mfagizi peke yake. Tena alikuwa anafagia."