Mwalimu Urbain Afundisha Redioni

Jumatatu, tarehe 15 Aprili

Ziwa limeingia shuleni hapa Kalemie. Samaki wadogo wanaogelea chini ya ubao wangu wa darasa la tano. Shule imefungwa! Nakiri, nilifurahi. Furaha ilidumu mpaka saa nne, inspekta Germain alipotuita walimu wote.

Alikuwa na mambo mawili. La kwanza, watoto hawawezi kukaa bure, kwa hiyo Ijumaa itakuwa siku ya kusomea nyumbani kwa redio. Walimu wawili watafundisha, nusu saa kila mmoja, na shule nzima itasikiliza. La pili, direkta wetu wa shule amekwenda pensheni, kiti chake kiko wazi, na yeye inspekta atatega masikio siku hiyo. Akanitazama mimi. Kisha akamtazama Mama Christiane.

Mama Christiane! Wa darasa la pili! Anayefundisha hesabu kwa maharage na vizibo vya chupa! Mimi nina miaka kumi na tisa ya chaki. Kile kiti ni changu. Nimeshajiona nimekikalia, na ufunguo wa ofisi mfukoni.

Ila kuna kasoro. Yeye amepewa saa mbili asubuhi, vichwa vikiwa vyepesi. Mimi saa nane mchana, watu wakisinzia na ugali wa bukari tumboni. Haiwezekani.

Jumanne, tarehe 16

Nimemtembelea Mama Christiane nyumbani kwake, nimevaa sura ya huzuni. Nimemweleza kwamba asubuhi ni saa mbaya. Watoto wanachota maji, mama zao wako sokoni, redio zote zimefunguliwa stesheni za Kigoma. Nikasema kwamba kwa moyo wa undugu niko tayari kuubeba mzigo huo mwenyewe. Nilikuwa nimeandaa sababu saba. Nilifika ya tatu tu. Akasema asante, Papa Urbain, chukua saa mbili. Akanipa na ndizi.

Nimerudi na ndizi na wasiwasi. Mtu anayekubali upesi hivyo ana lake. Mke wangu Rosine anasema labda ni mtu mwema tu. Rosine hajui siasa.

Jumatano, tarehe 17

Mpango mkubwa! Inspekta hatasikiliza peke yake kwake. Atasikiliza uani kwangu, kwenye kiti cha mikono nilichoazima parokia, kazungukwa na wanafunzi wangu thelathini. Mimi nitasema nikiwa studio, wao watajibu hapa kwa sauti moja. Ataona kwa macho yake kwamba hata nikiwa mbali darasa liko mkononi mwangu. Nimempelekea mwaliko. Amekubali, akauliza kama kutakuwa na chai. Nimejibu chai na mandazi. Rosine ameuliza mandazi atayakaanga nani.

Mchana tumefanya mazoezi. Namna yangu ya kufundisha inajulikana. Naanza sentensi, nanyamaza kabla ya neno la mwisho, darasa linamalizia. Sauti ikiwa ndogo, nasema sijasikia, wanarudia. Sisogei mbele kabla sijasikia. Ndivyo nilivyofundishwa, na mimi nimetoka mtu. Leo nimewauliza mto unaotoka katika ziwa letu unaitwaje, wakajibu kwa nguvu hadi mbuzi wa jirani akakata kamba. Safi kabisa.

Alhamisi, tarehe 18

Nimenyoosha kravati yangu ya shingoni. Rosine ameuliza nani ataiona redioni. Nimemwambia sauti ya mtu aliyefunga kravati haijifichi.

Nimepita nyumba kwa nyumba kuwaomba wazazi wafungue redio kwa sauti ya juu. Kando ya mto ule wa somo langu sikufika. Kule maji yako mlangoni, watu wanalala na jicho moja, magodoro yako juu ya meza na redio zimelowa. Hao nitawafundisha siku nyingine.

Jioni nimepanda kilimani kuiona studio. Chérubin, kijana wa mitambo, amenionya nisinyamaze hewani, watu hudhani redio imekufa. Nimemwambia yeye ashike waya zake, kufundisha aniachie mimi.

Ijumaa, tarehe 19

Aibu!

Saa mbili kamili nilikuwa mbele ya mikro ya kusemea. Nikasalimia. Nikasema, mto unaotoka katika ziwa letu unaitwa...? Nikanyamaza. Kimya. Miaka yangu yote ya kazi sijapata kimya kama kile. Nikasema sijasikia, nikauliza tena. Kimya. Jasho likaanza. Nyuma ya kioo Chérubin alikuwa anazungusha mkono, nikadhani ananiambia niwahimize. Nikawahimiza. Nikauliza kwa ukali kama hata mtoto mmoja hajui. Nikasema sitasogea hapa mpaka niwasikie!

Nakiri hapa kwa sababu hakuna atakayesoma. Nilisahau. Kwa nusu saa nzima nilisahau kwamba redio inasema tu, haisikii.

Ya uani nimesimuliwa na Rosine. Mara ya kwanza watoto walijibu vizuri sana, hata inspekta akatikisa kichwa kwa kuridhika. Redio ikasema sijasikia. Wakasimama, wakajibu. Redio ikasema sijasikia. Wakapanda juu ya benchi. Nyumba za jirani zikaingia, kisha mtaa wa pili, kisha wa tatu, maana hakuna mtoto anayependa kuambiwa hakusikika. Mwisho ilikuwa mamia ya watoto wanapiga kelele kwa pamoja: Lukuga! Lukuga! Lukuga!

Sasa watu wa kando ya mto. Hawana redio, wanasikia tu mji mzima unalia jina la mto wao. Wangefanya nini? Walibeba magodoro, masufuria na bata, wakakimbilia kilimani. Waliowaona wanakimbia, nao wakakimbia. Inspekta Germain hakumaliza andazi lake. Alipanda kilima suruali imekunjwa hadi magotini, amebeba cherehani ya mama asiyemjua. Walipofika juu wakageuka kutazama mafuriko. Mto ulikuwa palepale ulipokuwa jana.

Mimi niliuona ule umati kutoka dirisha la studio. Nilidhani wanakuja kunipongeza. Nikakaza kravati, nikatoka nje kuwapokea. Sitaandika waliyoniambia.

Saa nane ikawa zamu ya Mama Christiane. Nilisikiliza nikiwa kitandani, nikisubiri aharibu. Aliwaambia watoto wakae karibu na mtu anayepika, wahesabu ndakala wa chakula cha jioni, wawagawe sawa kwa watu wa nyumba, na samaki atakayebaki wamwulize mpishi ni wa nani. Akasema yeye hawasikii, kwa hiyo wamjibu aliye karibu. Akamwomba Chérubin apige muziki mpaka wamalize kuhesabu. Basi! Hilo tu!

Nilijikuta jikoni. Ndakala arobaini na mmoja, watu watano, anabaki mmoja. Nilimwuliza Rosine ni wa nani. Akasema ni wa yule aliyekaanga mandazi tangu alfajiri. Uani kwa jirani watoto walikuwa wanacheka na kuhesabu. Nikaona wivu, wivu mtupu, ule wa kunyima mtu usingizi.

Jumamosi, tarehe 20

Barua ya inspekta imefika. Mama Christiane ndiye direkta. Juu yangu ameandika mstari mmoja, kwamba watoto wa Kalemie hawatausahau mto Lukuga maisha yao yote. Mimi naona ni sifa. Rosine haoni.

Nimeumia. Nilikitaka kile kiti kwa moyo wote. Nilikaa nyuma ya nyumba, hata Rosine akaniletea chai bila kunicheka.

Kisha, wazo! Mtu hasukumwi kutoka kitini, anainuliwa! Nimemwandikia inspekta kurasa nne za kumsifu Mama Christiane. Kwamba kipaji kama hiki ni dhambi kukifungia katika shule moja. Kwamba shule za Moba, mwendo wa boti kutoka hapa, zinamhitaji kuliko sisi. Kwamba sijapata kuona mwalimu kama yeye, na kwamba kumfuata redioni, hata kumtangulia, ni heshima. Kalamu yenyewe iliona haya. Akipandishwa cheo na kupelekwa Moba, nani anabaki? Mimi!

Jumatatu, tarehe 22

Mkutano wa walimu, parokiani. Inspekta ameisoma barua yangu. Yote. Mbele ya watu. Nilitazama viatu vyangu tangu ukurasa wa kwanza mpaka wa nne. Wenzangu wakapiga makofi. Inspekta akasema huyu ndiye mfano wa mwalimu asiye na kijicho. Habari ya Moba hakuigusa.

Kisha Mama Christiane akasimama, machozi yanamtoka, akanishika mikono yote miwili.

"Papa Urbain," akasema, "mama yangu eko Moba, anazeeka. Nilikuwa nimeshaandika kuomba wanipeleke kule, na jina lako njo niliweka, ushike kiti. Hata ile saa ya asubuhi nilikuachia juu ya ile, watu wakuzoee. Lakini muntu wa kunipenda hivi nitamuacha namna gani? Ile karatasi nimeipasua sasa hivi. Tutabaki wote hapa mpaka pensheni."

Nimesema asante. Sauti ilitoka ndogo sana. Njiani nimepiga hesabu. Pensheni yake imebakiza miaka ishirini na miwili. Yangu kumi na sita.

Lakini sasa nimeelewa kosa langu: nilimwandikia mtu asiyehusika! Nimechukua karatasi mpya na namwandikia mama yake wa Moba. Namweleza kwamba bintiye hapa hali, halali, amekonda, na kila siku analitaja jina la mama yake. Amwite haraka. Rosine ameuliza itakuwaje yule mama akifunga mizigo na kuja mwenyewe kumtunza. Nimemwambia anyamaze, ananipotezea maneno. Boti ya Moba inaondoka kesho asubuhi na bado nina ukurasa mmoja.