Kunguru wa Nuhu na Vichwa Sita vya Mistari

Jumatatu, tarehe 5 Machi

Binti yangu kitindamimba amechaguliwa! Jumamosi atasimama mbele ya vijana wote wa kanisa kujibu maswali yao ya imani. Yeye! Niliyemzaa mimi! Haya, habari za leo, daftari langu. Salamu nimezikumbuka sasa.

Tatizo ni moja. Hatasimama peke yake. Atasimama na kijana wa Mama Kinanda. Kijana mwenyewe ndiye mpiga kinanda wa kwaya. Mchungaji amesema atakayewagusa vijana zaidi ndiye atakuwa mlezi wao. Basi Mama Kinanda akapita saluni kwangu makusudi. Wala hakuja kusuka, amevaa wigi lake. Alikuja kuniambia eti mwanawe ameimeza Biblia nzima. Nikamwambia wangu ameimeza na jalada lake.

Aliondoka bila kuaga. Raha iliyoje!

Jumanne, tarehe 6

Binti hasomi! Nimemkuta kwenye ngazi za kanisa anapiga soga na wenzake. Eti anawasikiliza kwanza. Mezani nikamuuliza, je, wakikuuliza usilolijua? Akasema, kwa utulivu kabisa, kwamba atawaambia hajui.

Hajui! Mbele ya Mama Kinanda! Chakula kikanikwama. Baba watoto akanipiga mgongoni na kuniambia nimwache mtoto. Yeye ni seremala, hajawahi kushindana na mtu, labda misumari.

Lakini nimepata akili. Wasichana wote wa kanisa watakuja kusuka kabla ya Jumamosi. Na msichana akishakaa kwenye kiti changu, upande mmoja umesukwa, upande wa pili umesimama kama ufagio, atakimbilia wapi? Nitamfundisha swali la kuuliza. Swali ambalo binti yangu analijua hata usingizini.

Jumatano, tarehe 7

Mpango huu hapa. Shule niliiachia njiani, lakini kichwa kipo. Ili nisichanganyikiwe, kila mtindo wa nywele una swali lake. Wa mistari atauliza Nuhu alimtoa ndege gani kwanza safinani. Watu wote wanadhani njiwa. Kumbe kunguru! Binti ndiye aliyeniambia, nikabishana naye mpaka akanifungulia Mwanzo nikasoma mwenyewe. Wa rasta atauliza Yona alikuwa anakimbilia mji gani. Wa mabutu atauliza mke wa Lutu aligeuka nini.

Nani mwingine angewaza hivi? Sijisifu. Nauliza tu.

Ijumaa, tarehe 9

Mikono haina nguvu. Msichana wa kwanza nilimsuka mistari, ikatoka imenyooka, inang'aa, mwenyewe akabusu kioo. Wenzake walipomwona wakasema rasta hawataki tena, mabutu hawataki tena, wanataka kama ya yule yule. Ningekataaje sifa? Nimesuka vichwa sita. Na kila kichwa cha mistari nimekifundisha swali la mistari, kama nilivyopanga. Kila kitu kimekwenda sawasawa.

Wa saba, na wa mwisho, alikuwa binti wa fundi baiskeli. Nikaanza habari za Nuhu, akaniambia, samahani mama, mimi nina swali langu. Mama yake amelazwa, tena kwa muda sasa. Anaomba kila siku na mama hapati nafuu. Anataka kujua kama Mungu amemchoka.

Nilishika kitana nikakiangalia. Nikampa biskuti. Halafu, Mungu anisamehe, nikamwambia kunguru ni swali zuri pia. Mara shangazi yake akaja kumchukua, muda wa kuona wagonjwa umefika. Ameondoka na nusu kichwa.

Jumamosi, tarehe 10

Aibu! Halafu fahari! Ngoja nianze mwanzo.

Ukumbi ulijaa. Kijana wa Mama Kinanda alijibu vizuri, siwezi kusema uongo, ila akikwama anabonyeza kinanda mpaka jibu lije. Zamu ya wangu ikafika. Msichana wa kwanza akasimama, akauliza habari za ndege wa Nuhu. Kunguru, binti akajibu. Makofi! Nikamgeukia Mama Kinanda nimpe tabasamu. Akasimama wa pili. Mistari ile ile, swali lile lile. Wa tatu. Wa nne. Kufika wa tano, ukumbi mzima ukawa unaitikia "Kunguru!" kabla binti hajafungua mdomo. Mchungaji akavua miwani akafuta machozi ya kicheko. Wa sita akasimama, akakaa mwenyewe.

Mama Kinanda akaniuliza kwa kunong'ona kama nasuka nywele au nafuga ndege. Binti akanitazama. Nikatazama dari. Dari nzuri sana.

Ndipo akasimama yule wa nusu kichwa. Akauliza lake, kama Mungu amemchoka. Hakuna aliyecheka tena.

Na binti yangu akasema, "Sijui."

Nikafumba macho. Nikamsikia akiendelea. Kwamba hajui kwa nini Mungu anakaa kimya. Kwamba na yeye ameshawahi kuomba akaona kimya, akalia, akaomba tena. Ila anaamini Mungu hajamchoka, kwa sababu Yesu mwenyewe alilia msalabani akiuliza mbona ameachwa, na hakuwa ameachwa. Nilipofumbua macho alikuwa ameshuka jukwaani, amekaa kando yake. Akauliza nani atakwenda nao hospitali baada ya hapa. Wakasimama karibu wote. Hata kijana wa Mama Kinanda, na kinanda chake kidogo kwapani.

Tukaenda. Mimi na kitana changu. Nikamalizia nusu ya kichwa pale pale kando ya kitanda, mama wa mtoto akiangalia. Binti yake akamsimulia habari za kunguru. Mgonjwa akacheka mpaka muuguzi akaja kutazama kuna nini.

Njiani binti akaniambia, mama, usipange tena. Nikaapa.

Jumapili, tarehe 11

Ametangazwa! Binti yangu ndiye mlezi wa vijana! Mchungaji anasema ni kwa sababu ya lile jibu la "sijui". Sawa. Lakini nani aliwachangamsha watu kwanza? Kunguru wangu.

Na sikiliza. Askofu anakuja kumsimika na kuwasikia vijana wakiuliza. Askofu! Kiapo changu kilihusu mitindo ya nywele, si shanga. Safari hii kila msichana atavaa shanga za rangi yake, na kila rangi ina swali lake. Hapo nani atakosea? Shanga nilizonazo ni nyekundu tupu, lakini hilo ni jambo dogo.

Nimeshawaambia dada zangu wote, mashemeji, fundi baiskeli, na hata Mama Kinanda nimemwekea kiti cha mbele. Waje wote, wavae vizuri: Jumapili ijayo, tarehe kumi na nane, saa tatu asubuhi.