Miksa Ambayo Mama Hashuki

Jumatatu, 8 Juni 1998
Miksa imekamilika! Nimeichora mwenyewe kwenye kompyuta niliyonunua kwa kiinua mgongo, kiwanda kilipotupunguza. Swichi tatu za sauti, unazisogeza kwa mausi. Juu Mama, katikati kwaya, chini mimi. Ya Mama haishuki, nimeifunga. Mtoto gani anamshusha mama yake? Jumapili tunamwombea Mama nyumbani kwetu Bukima, anatimiza mwaka tangu afariki. Dada yangu Pelagia atasikia kanda ya maneno aliyomwachia. Mwaka mzima ameogopa kuisikiliza. Sasa ameomba mwenyewe.

Jumatano, 10 Juni
Kasmiri wa duka la steshenari pale Iringo kaja kuchungulia. Yeye ana spika, mimi sina. Akasema kipimo cha sauti kwenye kioo kikifika kwenye nyekundu sauti inapasuka, niishushe. Nikamjibu kwetu wakubwa hawashushwi. Akasema basi nikajaribu kwenye spika zake. Ili aniibie miksa! Nitaziazima Jumapili tu.

Ijumaa, 12 Juni
Kanda ya Mama yote imeingia kwenye kompyuta. Sikusikia kitu, ila kipimo chake kilikaa kwenye nyekundu mwanzo hadi mwisho. Mama ana nguvu. Getruda wa kwaya alikosa kanda ya kurekodia nyimbo zao, nikampa hiyo. Ya nini tena?

Jumapili, 14 Juni
Baada ya misa ndugu walijaa uani, jenereta ya kuazima ikanguruma. Nikawasha. Krrrrr. Dakika kumi na mbili, kama dagaa kwenye mafuta. Swichi haikushuka, niliifunga vizuri mno. Kasmiri alitazama chini. Nikamkimbilia Getruda. Wamekwisha kuimba, pande zote mbili.

Pelagia akaniuliza basi Mama alisema nini, maana mimi ndiye niliyemrekodi. Kweli. Ila siku ile nilikuwa naangalia betri. Nikamwambia sikumbuki. Hakunigombeza. Alikwenda kukaa jikoni peke yake, na mimi nikalia nyuma ya choo. Afadhali angenipiga.

Jumanne, 16 Juni
Kosa nimeligundua. Miksa haikuwa na heshima ya kutosha. Baba mdogo Magige, Butiama, ana kanda ya marehemu Baba, moja tu iliyobaki. Nimeiomba, kanikatalia, Pelagia kamwahi kumwonya. Lakini kesho mzee anakwenda mnadani Bunda, na mlango wake haufungwagi. Baba ni mkubwa kuliko Mama. Swichi yake nimeiweka ianzie kwenye nyekundu.