Terabaiti Mbili na Ukoo wa Mama Mkwe

Jumatatu, 16 Juni 2025

Leo nimetangaza rasmi. Wakati wa chai, mbele ya mke wangu Mwanaheri: laptop yetu ya miaka kumi na mitatu haifi! Nimeshaiwekea diski mpya ya terabaiti mbili, vya zamani vyote nimevihamishia humo, na diski ile kuukuu imekufa. Ukumbi mzima umebaki wazi! Sasa naigawa. Upande huu Windows, upande ule Linux. Ukiiwasha inakuuliza unataka ipi. Mwanaheri kauliza mtu mmoja anahitaji mifumo miwili ya nini. Maswali ya namna hiyo ndiyo yanayorudisha nchi nyuma.

Akasema basi kwanza ninakili sauti za mama yake. Kweli zimo humo: saa saba za Mama Mwaisha wa Kinole, akitaja ukoo wao wote, nani kamzaa nani, nani kazikwa kilima gani. Nikamwambia kugawa si kufuta. Mimi mwalimu wa Jiografia. Nimegawa mabara ubaoni miaka kumi na tisa, halijapotea hata moja.

Jumanne, 17 Juni

Nimepita kwa Amosi kuazima flashi ya kusakinishia Linux. Ana duka la kuchapa na kutengeneza kompyuta hapa Bigwa, na anajiita Injinia. Injinia wa nini? Kaniambia laptop za umri ule zina ukaidi na diski kubwa, ukigawa vibaya haziwaki kabisa, afadhali nimwachie yeye. Nimwachie! Mwaka jana kanishinda uenyekiti wa kamati ya maji kwa kura mbili, sasa anataka na diski yangu. Nimechukua flashi, nimetoka kifua mbele.

Jumatano, 18 Juni

Saa nne asubuhi nimeanza. Laptop ikauliza kama ifute diski yote. Nikafikiri: yote, yaani ile sehemu ya Linux. Lugha ya kitaalamu tu. Nikabonyeza ndiyo. Kasi ya ajabu! Nikaimba kabisa. Dakika ishirini, Linux ikawaka, safi kama sahani. Nikatafuta Windows. Hakuna. Nikatafuta sauti. Hakuna. Nikasakinisha upya mara mbili, huenda vimejificha.

Vyote vimekwenda. Nimetoka uani nikasimama kwenye migomba. Mwanaheri kauliza imekuwaje. Nikasema inawaka vizuri sana. Ambayo si uongo.

Alhamisi, 19 Juni

Mwanaheri kaifungua laptop mwenyewe. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Kakaa ukingoni mwa kitanda akasema, “Baba Sabra, mama ana miaka themanini na moja.” Basi.

Nimeifunga laptop kwenye kanga, nikapita njia ya nyuma hadi kwa Amosi. Hakucheka. Hicho nacho ni kiburi. Kauliza nimesakinisha mara ngapi. Nikasema moja. Akanitazama. Nikasema tatu. Kumbe kila mara nilikuwa naandika juu ya vilivyofutika. Kahangaika mchana kutwa, kaokoa dakika arobaini, nyingi ni kuku wa mama mkwe wakilia. Na diski kaigawa, sehemu mbili, zote zinawaka. Simpendi mtu huyu hata kidogo.

Jumamosi, 21 Juni

Mwanaheri kaamua: nipande Kinole nikamwambie mama mwenyewe. Nimekwenda alfajiri kwa pikipiki, simu mfukoni. Mama mkwe alikuwa mkekani, anachambua karafuu. Shikamoo nimeitoa nikiwa bado mbali. Nilikuwa na hotuba nzima kuhusu udhaifu wa vifaa vya siku hizi. Nikaiacha.

Nikasema, “Mama, zile sauti nimezifuta mimi.”

Mikono yake ikasimama. Akauliza, “Wote? Hata bibi yangu?”

Nikasema wote. Nilitamani ardhi ya Uluguru yote initeremkie. Kasogeza karafuu, akaupigapiga mkeka kando yake.

“Kaa. Mara ile nilimruka makusudi shangazi yangu, tulikuwa tumegombana. Ameshakufa. Nitamtaja.”

Kasema mpaka jua likazama. Nimeshika simu ikirekodi hadi mkono ukafa ganzi. Alipofika kwa huyo shangazi alilia, na mimi nikatazama pembeni. Mwisho kaongeza kwamba Mwanaheri aliolewa na Rehani, mwalimu, aliyetumaliza wote kwa kidole kimoja kisha akapanda mlima kutuomba turudi. Nimemsihi aitoe sehemu hiyo. Kasema ndiyo historia.

Jumatatu, 23 Juni

Ushindi! Sauti zote zimo kwenye laptop. Urefu wake saa nane na nusu, na shangazi juu. Kwa hiyo ukitazama kwa haki, kufuta kwangu kumeukuza ukoo. Nimemweleza Mwanaheri hivyo. Kachukua kikapu, kaenda sokoni bila kuaga.

Amosi kapiga simu, anasisitiza ninakili kila kitu kwenye flashi kabla sijaigusa tena diski. Nimemwambia nitanakili Ijumaa. Hawezi kunipangia ratiba. Kwenye simu nimeshafuta, ilikuwa imejaa.

Halafu nimegundua jambo. Bwana Injinia kaipa Windows nafasi kubwa kuliko Linux. Dhuluma ya wazi! Nausogeza mwenyewe mpaka wa sehemu hizo mbili, kidogo tu, ukae katikati. Haitazidi nusu saa.

Nimeshabonyeza. Asilimia nne.